Ngao ya Tumbo

Vijana wa karakana, mmeniandama tangu siku niliyorudisha ovaroli: "Fundi Maganga, tuandikie kazi ilivyokuwa." Haya, naandika. Ila msitegemee habari za vyeo wala picha nilizopigwa na wakubwa. Naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si ya leo. Nimelala nayo na kuamka nayo miaka, mke wangu ndiye shahidi. Asiyetaka maneno ya mzee mwenye hasira aende akafagie karakana, maana najua haijafagiliwa tangu niondoke.

Nimetoka Usoke, nyumba ya wakulima na misa ya Jumapili. Nilipoingia Tabora mjini nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na sikujua spana ni kitu gani. Karibu na stesheni ya treni palikuwa na karakana ya Kalasinga mmoja, Fundi Jagat, aliyekuwa akitafuta mtu wa kuosha vyuma. Siku ya kwanza alinipa karai la petroli, brashi, na injini iliyofunguliwa vipande vipande. "Osha," akasema. Nikaosha mpaka mikono ikachubuka. Jioni akaja, akaokota kipande kimoja, akapitisha kidole ndani, kidole kikatoka cheusi. Akavimwaga vyuma vyote mchangani. "Kesho osha tena," akasema. "Uchafu hapana jua kama wewe nachoka."

Nilimchukia wiki nzima. Baada ya hapo nilikaa naye miaka mingi. Alinifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, nisikilize kinachogonga kabla sijafungua kitu. "Sikio kwanza, mdomo acha nyumbani," ndivyo alivyosema, na alisema hivyo hata kwa wateja wake Wazungu. Kisha vita ikaja ikanizoa, nikatengeneza malori ya jeshi, na juu ya hayo sina la kusema hapa.

Niliporudi niliajiriwa karakana ya serikali hapa Tabora. Mwaka wa pili zikashushwa kwenye behewa pikipiki sita ndogo za kijani, ndani ya masanduku ya mbao. Zilikuwa za watu wa misitu, wapimaji, na madresa, wale wauguzi wanaozunguka vijijini. Tukazifungua, tukazitia matairi, tukaziwasha. Wote tukashangilia kama wajinga.

Ninyi mmezoea injini kubwa, kwa hiyo nieleze. Pikipiki hizi ni za mipigo miwili. Hazina oili ya peke yake. Unaichanganya na petroli kwenye tangi, kopo moja la oili kwa makopo ishirini ya petroli, na ndiyo maana zinafuka moshi na kulia kama nyuki. Jambo kubwa ni kwamba injini hii inapumulia tumboni. Mchanganyiko huingia kwanza chini, kwenye tumbo la injini, ndipo usukumwe juu kuungua. Tumbo likipasuka, pumzi inatoka, na injini imekufa. Sasa tumbo lenyewe ni la aluminiamu, jembamba, linaning'inia chini kuliko vitu vyote, na halina hata kitambaa cha kulifunika. Waliounda walidhani mtu atapita kwenye lami kwenda kununua gazeti.

Na huku kwetu? Njia ya zamani ya misafara kwenda kusini, ile babu zetu waliyoipita na pembe za ndovu mabegani, ukishavuka Ipole ilikuwa bado ni njia ya miguu. Miombo huku na huku, kiangazi mchanga, masika tope jeusi la mbuga. Na visiki! Mtu anakata mti wake njiani, anachukua gogo, anaacha kisiki usawa wa kifundo cha mguu, nyasi zinakifunika, basi, shauri ya atakayepita. Wiki ya tatu pikipiki mbili zilirudi Tabora juu ya lori, matumbo wazi.

Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwenye vyuma chakavu vya reli, nikapata ubavu wa behewa bovu, nikaukata na kuukunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli mpaka ukawa na umbo la beseni. Nikaufunga chini ya injini kwa boliti nne, kila boliti na kipande cha mpira wa tairi kuukuu katikati ili chuma kisitetemeke na kulegeza nati. Tukakiita ngao. Ngao ya kwanza sikuitoboa matundu, na hilo lilikuwa kosa langu. Nyasi kavu zilijikusanya kati yake na injini, zikapata joto, na karani mmoja wa misitu akarudi amevaa nusu ya suruali. Kuanzia hapo nilitoboa matundu ya kupitisha dole gumba, tope litoke na upepo uingie.

Ngao ikazaa mengine. Bomba la moshi nililipandisha juu, chini kidogo ya kiti, nikalifunika bati lenye matundu lisiunguze paja, ili pikipiki ivuke maji bila kunywa. Madigadi ya mbele niliiinua kiganja kizima, maana tope la mbuga hujaa pale na kufunga gurudumu. Gia ya cheni ya nyuma niliikata upya kwa msumeno na tupa, yenye meno mengi zaidi. Ikapunguza mbio lakini ikaongeza nguvu mchangani. Mdomo wa kabureta niliuvalisha soksi ya sufu ya jeshi iliyochovywa oili, vumbi lishike humo. Na kifuniko cha umeme nilikiziba kwa nta ya nyuki, tena nta ya Ipole iliyochemshwa mara mbili. Msiniulize kwa nini mara mbili. Mwulizeni mpimaji niliyemzibia kwa nta yenye asali, akafukuzwa na nyuki maili nzima.

Mpimaji huyo huyo aliwahi kuishiwa oili huko Ulyankulu akachanganya petroli na mafuta ya karanga. Nilipofungua injini karakana nzima ilinukia mihogo ya kukaanga, na pistoni niliitoa kwa nyundo. Mtu kasoma mpaka sekondari!

Pikipiki namba nne ilikuwa ya Yohana. Yohana alikuwa dresa, Mmoraviani, mzaliwa wa huko huko Ipole, mtu mwembamba na mpole mpaka anaudhi. Kazi yake ilikuwa malale. Mnajua mbung'o wa misitu ile. Anakuuma leo, baadaye homa, kisha akili inaanza kupotea na usingizi unakuchukua mchana kweupe, na mwisho wake kaburi. Yohana alizunguka kwenye vijiji vya warina asali, akiwatoboa watu vidole kupima damu na kuwachoma sindano waliopatikana nayo. Sindano zile zina siku zake. Ukianza, lazima umalize kwa mpango, la sivyo ni kama hukuanza.

Kila akirudi tulilaza pikipiki ubavu tukahesabu makovu kwenye ngao. "Safari hii imekula visiki saba, Fundi," alisema mara moja, akicheka. "Hivi bila hii si ningekuwa nimelala porini mara saba?" Nilijisikia mtu. Sijawahi kupata sifa iliyonitosha kama ile.

Ndipo akaja msimamizi mpya, Mzungu. Jina lake siliandiki. Sisi tulimwita Bwana Kipimo, kwa sababu alitembea na rula ya chuma mfukoni akipima kila kitu, hata mpini wa ufagio. Masika yalikuwa yameanza, na habari zikaja kwamba mkaguzi wa mali za serikali atatoka Dar es Salaam. Bwana Kipimo akafungua kitabu cha pikipiki penye picha, akachuchumaa mbele ya namba nne.

"Hii nini?"

"Ngao, Bwana. Inakinga tumbo la injini."

"Kwenye picha haipo." Akapima bomba la moshi, akapima madigadi. "Hii haipo. Hii haipo. Toa yote. Nataka kama kitabu."

"Bwana, aliyeandika kitabu hajafika Ipole."

"Mali ya serikali haibadilishwi na fundi," akasema, akaendelea kupima.

Kisha akaleta karatasi. Kila mwendeshaji atie sahihi kwamba amepokea pikipiki ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na kwamba hataiacha porini kwa sababu yoyote ile. Atakayeiacha hana kazi. Mimi, kwa kuwa nilijua kusoma vizuri na watu waliniamini, ndiye niliyepewa kuwasomea na kukusanya sahihi.

Na hapa nataka mnielewe, maana nimesikia mkisema kwamba Fundi Maganga alimpinga Mzungu. Sikumpinga mtu. Nilisema lile neno moja, basi. Nilizivua ngao zote sita kwa mikono yangu, nikazifuta tope, nikapanga boliti zake kwenye makopo, nikazibeba stoo moja moja. Kazi safi kabisa, hata Jagat asingeimwaga mchangani.

Yohana akaja kuchukua namba nne. Akaizunguka. "Fundi, ngao iko wapi?"

"Amri imetoka."

"Masika haya?"

"Soma hapa, utie sahihi."

Akasoma, akatia. Alipokuwa akifunga sanduku la dawa kwa blanketi akasema, "Kuna mama mmoja mbele ya Ipole, Nyanzala, mke wa Mzee Kapela mrina asali. Tulikuwa tumeshamkatia tamaa. Keshokutwa ni sindano yake ya tatu. Juzi alinitambua, Fundi, akanicheka nywele zangu." Akafurahi mwenyewe. "Huyu anapona."

"Nenda polepole," nikamwambia.

Nenda polepole! Hebu sikieni hayo. Mtu ana spana mkononi, ngao iko stoo, anamwambia mwenzake aende polepole.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Yohana na baadaye kwa Mzee Kapela, na maneno yao hayatofautiani. Ilibaki mwendo wa saa moja kwa miguu kufika kijijini kwa Kapela. Kisiki kilikuwa ndani ya nyasi. Kikalipasua tumbo la injini, pikipiki ikamrusha Yohana, na mguu wake wa kulia ukavunjika kwenye kifundo. Sanduku la dawa halikupata hata mkwaruzo. Hakuna chupa iliyovunjika.

Mzee Kapela na wenzake watatu walikuwa njiani wamekuja kumpokea. Wakamkuta amekaa kando ya pikipiki.

"Dawa ipo?" Kapela akauliza.

"Ipo, mzee."

"Basi panda mabegani. Sasa hivi tuko nyumbani."

Yohana akaitazama pikipiki. "Mzee, nimetia sahihi. Nikiiacha hii porini nafukuzwa, na nikifukuzwa, sindano zilizobaki nani atazileta? Nisaidieni niifikishe Ipole, lori la Tabora linapita leo, na tukienda kwenu kwanza tutalikosa. Karakana watanipa nyingine. Keshokutwa niko kwenu."

"Mguu wako je?"

"Sindano sichomi kwa mguu."

"Keshokutwa kweli?"

"Keshokutwa. Fundi wa pale ni rafiki yangu."

Wakakata mti, wakaining'iniza pikipiki, wakaweka mabega. Wanyamwezi wanne, kwenye njia ile ile, kwa mwendo ule ule wa mababu, saa tano kurudi Ipole, wamebeba mashine iliyoletwa ili watu wasibebe tena mizigo. Yohana nyuma yao, anachechemea na fimbo, sanduku la dawa shingoni. Mgonjwa alikuwa mbele, saa moja. Dawa ikarudi nyuma. Na mume wa mgonjwa alikuwa ndiye bega la kwanza! Nikifika hapa huwa naweka kalamu chini natoka nje kidogo.

Lori liliwafikisha Tabora, na usiku huo mvua ikafunga barabara. Lori lingine halikushuka kusini wiki mbili. Pikipiki pekee ndiyo ingeweza kupenya. Yohana akaja karakana na mguu wa plasta, akakaa kwenye benchi letu, sanduku magotini.

"Fundi, nipe namba sita."

Namba sita ilikuwa pale pale, imepakwa rangi upya, imepangwa pamoja na malori kwenye mstari wa ukaguzi. Zile nyingine zote zilikuwa safarini au zimefunguliwa. Nikaenda kwa Bwana Kipimo, nimevua kofia.

"Baada ya ukaguzi," akasema.

"Bwana, kuna mgonjwa anaisubiri."

"Wagonjwa ni idara nyingine. Na dresa mguu mmoja, nani ataendesha?"

Nikavaa kofia yangu. Nikarudi kwenye benchi nikamwambia Yohana, "Haitoki. Na dereva hakuna."

Yohana akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akaja tena akakaa. Na kesho yake. Mkaguzi aliahirisha safari, akaahirisha tena. Siku tisa Yohana alikaa kwenye benchi lile, na siku tisa mimi niliiwasha namba sita asubuhi ili plagi isishike unyevu, kisha nikaizima na kuipangusa. Yeye akiitazama. Hakunitukana hata mara moja, na ningeomba anitukane.

Mkaguzi alikuja na mwavuli. Alitembea mbele ya mstari, akagusa tangi moja kwa kidole, akaulizia chai. Siku iliyofuata namba sita ikatoka, amepanda dresa mwingine. Huyo alirudi baada ya siku nne, dawa ya Nyanzala ikiwa bado sandukuni. Walikuwa wamemzika siku mbili kabla hajafika.

Ikaandikwa ripoti: uzembe wa mwendeshaji. Chini yake palihitajika sahihi ya fundi kuthibitisha kwamba pikipiki iliondoka ikiwa katika hali inayotakiwa. Nikatia sahihi. Yohana wakamwachisha kazi hata hivyo, yeye na pikipiki yake aliyokataa kuiacha. Kisha, sikieni hili: masika hayajaisha, baada ya pikipiki nyingine mbili kupasuka, Bwana Kipimo akatoa amri kwamba ngao zote zifungwe, na mchoro wake ukabandikwa ukutani, una vipimo vyote na jina lake chini. Matundu ya dole gumba yakawa ya kwake. Ndiyo ngao mnayoifunga mpaka leo. Yeye amekwisharudi kwao, na wenzake waliobaki wanafunga mizigo, na sisi tumebaki na mchoro.

Kiangazi kilipoingia nikaona siwezi tena kukaa na jambo hili. Niliomba ruhusa, nikaenda kwa Mzee Kapela. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Nitamweleza juu ya rula, juu ya kitabu chenye picha, juu ya mkaguzi na chai yake. Nitamwambia jina la Bwana Kipimo lote, alijue, alilaani akitaka. Nilivuka Ipole, nikavuka mahali penye kisiki. Walikuwa wamekwisha kuking'oa, limebaki shimo.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akichonga mzinga. Nikazima pikipiki, nikavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi ni Maganga, fundi wa Tabora. Rafiki yake Yohana."

Akaacha kuchonga. Akanitazama, akaitazama pikipiki, kisha akainyoosha shingo kutazama njia nyuma yangu, kama mtu anayemngojea mwingine.

"Dereva wako amebaki wapi?" akauliza.

"Sina dereva, mzee. Nimekuja mwenyewe."

"Umeiendesha wewe? Kutoka Tabora?"

"Ndiyo."

Akaliweka shoka chini, taratibu.

"Yohana aliporudi huku alituambia dereva hakupatikana," akasema.

Maneno yangu yote juu ya Bwana Kipimo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini lile la dereva halikuwa la kwake, lilikuwa langu.